Gari la Palermo: bei, dereva na maswali ya mama

Tangu tutoe kile kipindi cha kusafiri na wazee, sanduku la ujumbe limejaa swali moja lenye sura nyingi: "Ile gari ya Palermo hadi Catania mliipataje, na mlilipa ngapi?" Kwenye kipindi niliitaja kwa sentensi moja, mwenzangu akacheka, tukapita. Kumbe watu wengi mna safari kama hiyo kichwani, na wengi mna mama mwenye magoti. Basi leo safu nzima ni ya gari.

Kwa ambao hamkusikia, kwa ufupi. Familia yetu imetawanyika kama za wengi wenu. Mama yuko London, dada yake mkubwa, yaani khalati, yuko Muscat, na wote wawili ni wazaliwa wa Unguja. Khalati hataki kusikia habari za baridi ya Uingereza, na mama haliwezi joto la Muscat. Kwa hiyo tukatafuta mahali pa kukutana mwezi wa Septemba, pasiwe friji wala tanuri, tukaangukia Sisilia. Siku tano Palermo, siku nne Catania, kwa sababu ndege ya khalati ya kurudi ilikuwa inaondokea Catania kupitia Istanbul. Tulikuwa watano: mama, khalati, mimi, kaka yangu, na binti wa kaka mwenye miaka mitano. Masanduku saba. Msiniulize kwa nini saba. Khalati hasafiri bila halua.

Sasa, Palermo iko pwani ya kaskazini ya kisiwa, na Catania iko pwani ya mashariki, chini ya mlima Etna. Kati yao kuna barabara kuu inayoitwa A19, karibu kilomita 190, inayokata kisiwa katikati. Kukiwa hakuna matengenezo njiani, ni mwendo wa kama saa mbili na nusu. Lakini A19 na matengenezo ni ndugu wa tumbo moja. Aprili 2015 ardhi iliporomoka karibu na Scillato, ikasukuma nguzo za daraja la Himera, barabara ikafungwa hapo, na daraja halikurudi kamili mpaka 2020. Kwa miezi kadhaa watu wa Palermo na Catania walikuwa wanazungukia milimani. Nayasema haya ili mtu akikwambia "ni saa mbili tu," usiende kupanga ndege yako kwa hesabu hiyo.

Njia nyingine zipo, na sitazidharau. Basi linatoka karibu na stesheni kuu ya Palermo, nauli yake ni kama euro 15 kwa kichwa, linatumia muda usiozidi sana ule wa gari, na lina kipoza hewa. Ukiwa na miaka 25 na begi moja la mgongoni, tafadhali panda basi, uende zako, usinisome zaidi. Treni ipo pia, kama saa tatu, lakini reli ile inajengwa upya kwa vipande, kwa hiyo angalia ratiba ya wiki yako vizuri, usije ukashushwa njiani na kupandishwa basi ukiwa na wazee. Kukodi gari mkaendesha wenyewe? Inawezekana, ila katikati ya Palermo kuna eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia saa fulani, wanaliita ZTL, na askari wake ni kamera. Faini inakufuata hadi nyumbani miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya kukodi inakutoza ada yake kwa kazi ya kuwapa jina lako. Halafu kuna suala la nani ataendesha. Kwetu angeendesha kaka, na kaka akiwa nyuma ya usukani hasemi na mtu. Khalati hakupanda ndege mbili kuja kuangalia kisogo cha mpwa wake.

Kwa hiyo gari na dereva. Italia huduma hii inaitwa NCC, herufi tatu ambazo maana yake ni kukodi gari pamoja na dereva wake. Ina sheria yake ya mwaka 1992, sheria namba 21, ileile inayosimamia teksi. Tofauti ni hii: teksi ni nyeupe, inasubiri abiria kwenye kituo chake, ina mita. Gari la NCC huliagizi barabarani. Lazima uwe umeliweka mapema, na bei mnakubaliana kabla. Leseni yake inatolewa na manispaa. Na ukitaka kujua kama gari lililokuja ni lenyewe, nenda nyuma yake utazame: linatakiwa kuwa na kibati kilichoandikwa NCC, chenye nembo ya manispaa na namba. Pale uwanja wa ndege utakutana na mabwana wanaokunong'oneza "taxi, taxi" wakiwa wamebeba funguo tu. Hao hawana kibati. Mpite kwa salamu.

Niliomba bei sehemu nne kwa gari la watu wanane, maana gari dogo la kawaida linabeba abiria watatu na masanduku yao, wanne kwa kubanana, na sisi tulikuwa na yale saba. Mbili zilikuwa za madalali wakubwa wa intaneti, wale unaoandika mji wa kutoka na mji wa kwenda, na bei inatokea papo hapo: euro 340 na euro 385. Mbili nyingine niliandikia moja kwa moja watu wenye magari yao Palermo: 290 na 310. Nikawa nazo zote nne kwenye karatasi, na hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza, kwa sababu ilibidi niongee na mama.

Tusimame hapa kidogo. Sisi tuliozaliwa huku tumekuwa wakalimani wa nyumba zetu tangu hatujafika kimo cha kaunta. Barua ya baraza la mji tunasoma sisi, fomu ya daktari tunajaza sisi, simu ya kampuni ya umeme tunaongea sisi, mama amesimama pembeni anasema "mwambie, mwambie." Tumekua, tumepata digrii na kazi, na sasa tiketi ni sisi, hoteli ni sisi, gari ni sisi. Na katika kazi hiyo wengi wetu tumejifunza hila moja: kuficha bei. Mnaijua. Mama anauliza kiatu ni shilingi ngapi, unampunguzia nusu. Anauliza hoteli, unasema "ofa." Msikilizaji mmoja alituandikia kwamba ana bei mbili za kila kitu maishani mwake, ya kweli na ya mama, na amezikariri zote mbili.

Ninaelewa kwa nini tunafanya hivyo. Mtu aliyehesabu kila senti ili wewe usome, ukimtajia euro 310 kwa saa mbili na nusu za barabara, anaumia, na wewe hutaki aumie kwa jambo ulilolifanya kwa kumpenda. Lakini mimi siko upande huo. Bei ya uongo inamfanya mzee awe abiria hata kwenye mambo yake mwenyewe. Anakaa kwenye gari asilojua limelipiwa nini, halafu anashindwa kuagiza hata chai njiani, maana hajui mfuko umebaki na nini. Na wazee si wajinga, jamani. Wanajua kuna bei ya kweli mahali fulani, hawajui tu iko wapi, na kutojua huko ndiko kunakowafanya wagombane na wewe kuhusu chupa ya maji ya euro moja.

Kwa hiyo niliweka karatasi mezani, jikoni kwake, wiki tatu kabla. Nikamwambia bei zote nne, na ya basi pia. Alizigeuza kuwa pauni, kisha shilingi, kisha akanyamaza. "Kwani sisi ni nani?" akauliza. Nikamwambia tugawanye: 310 kwa watu watano ni 62 kila mmoja, na mimi na kaka tunalipa. Basi kwa wote watano ni 75. Tofauti ni euro 235, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba masanduku saba kutoka mlango hadi mlango, na goti lake, na mapigo ya moyo ya khalati. Hakukubali siku ile. Alinipigia kesho yake asubuhi, na hakuuliza nilichotegemea.

Aliuliza: "Na dereva anapata ngapi?"

Mnisamehe, hapa lazima nieleze mama yangu ni nani. Alisafisha wodi za hospitali usiku kwa miaka kumi na tisa, karibu yote kupitia wakala. Hospitali ilimlipa wakala, wakala akakata chake, mama akapata kilichobaki. Alikuwa anajua hospitali inatoa kiasi gani kwa saa kwa sababu msimamizi mmoja alimwonyesha karatasi, na ile namba hajaisahau hadi leo. Anaitaja kama watu wanavyotaja tarehe ya msiba. Kwa hiyo alipoona bei mbili za madalali na bei mbili za wenye magari, yeye hakuona kabisa ghali na rahisi. Aliona wakala.

Nikamwambia kweli: dalali hukata kamisheni yake, dereva hupata pungufu ya ninacholipa. "Basi mpe mwenyewe," akasema, na mjadala wa bei ukaishia hapo. Siku mbili nilizokuwa nimejiandaa kubishana zikawa bure.

Lakini nisiwafanye muamini kwamba kumpa mwenyewe hakuna ubaya. Dalali anakulinda kwa namna fulani: umelipa kwa kadi, masharti ya kufuta yameandikwa, gari lisipokuja kuna mtu wa kumdai. Ukienda moja kwa moja, ulinzi wako ni maandishi unayoyakusanya mwenyewe, basi. Ukiwa unafika usiku wa manane, peke yako, mji usioujua, mimi sitakulaumu ukienda kwa dalali. Sisi tulikuwa tunaondoka mchana, kutoka nyumba tuliyokuwa tumelala siku tano. Hatari ilikuwa ndogo. Sikumpa yule wa 290, kwa sababu nilimwandikia maswali sita akajibu "ok." Wa 310 alijibu yote sita, kwa mistari, na la saba nililosahau kuuliza alilijibu pia. Euro 20 nililipia hayo majibu.

Maswali yenyewe, kwa wale wanaotaka kunakili.

Idadi ya watu na idadi ya masanduku, na ukubwa wake. Viti vinane haina maana ya viti vinane na mizigo ya watu wanane. Piga picha ya masanduku, itume kwa WhatsApp, hiyo lugha inaeleweka kisiwa kizima.

Kiti cha mtoto, na hapa nawaomba msome polepole wenye watoto. Italia mtoto asiyefika kimo cha mita 1.50 lazima afungwe kwenye kiti chake maalumu. Ila sheria hiyohiyo inaziachia teksi na magari ya NCC: humo mtoto anaweza kusafiri bila kiti hicho, mradi asikae mbele na awe na abiria mwenye miaka 16 au zaidi. Maana yake ni kwamba gari halali kabisa, lenye kibati na leseni na kila kitu, linaweza kufika mlangoni bila kiti cha mtoto, na dereva hajavunja sheria yoyote. Kama unakitaka, na kwa kilomita 190 za barabara kuu mimi nakitaka, kiombe kwa maandishi, taja umri na uzito, na uulize kama kina malipo ya ziada. Chetu hakikuwa nayo.

Mlango. Usiseme "Catania." Sema mtaa na namba, na uulize: gari litafika mlangoni au tutashuka wapi? Kuna vichochoro vya katikati ya mji ambavyo van haipiti, na barabara nyingine ni za waenda kwa miguu tu. Mita 300 juu ya mawe meusi ya volkano na sanduku la magurudumu, kwa mtu mwenye goti bandia, hizo si mita 300. Dereva wetu alitwambia mapema kwamba atatushusha kona ya barabara, hatua arobaini kutoka mlango, na kweli zilikuwa kama arobaini. Mama alizihesabu.

Malipo. Wafanyabiashara Italia wanatakiwa kupokea kadi, na tangu katikati ya 2022 anayekataa anaweza kupigwa faini. Kwa hiyo "fedha taslimu tu" ni jibu la kukutilia shaka. Uliza pia bei ina nini ndani. A19 haina malipo ya barabara. Zinazolipiwa ni A18 na A20 zinazokwenda Messina. Ukiona kwenye hesabu ya Palermo hadi Catania mtu amekuwekea ushuru wa barabara, muulize kwa upole ni barabara gani hiyo.

Na saa! Nyinyi mliolelewa na saa mbili kichwani mnaelewa. Mama akisema saa tatu asubuhi, dereva wa Palermo anasikia saa tisa usiku. Andika 09:00, kwa tarakimu, na siku ya wiki pembeni. Wa Marekani, ongezeni na mwezi kwa herufi, kwa sababu Italia siku hutangulia: 03/09 ni tarehe tatu Septemba, wala si tisa Machi.

Kama gari lenu ni la kuwahi ndege, kuna jambo moja la ziada. Uwanja wa Catania uko chini ya volkano hai. Julai 2024 majivu yaliufunga kwa muda. Julai 2023 jengo la abiria liliwaka moto, ndege nyingi zikahamishiwa viwanja vingine vya kisiwa, Palermo ukiwamo. Siku kama hizo kila mtu anatafuta gari la kukatiza kisiwa kwa wakati mmoja. Muulize mtu wako mapema: uwanja ukifungwa, unaweza kunipeleka Palermo, na kwa bei gani? Akikujibu sasa, bei itakuwa ya leo. Ukimuuliza siku ya majivu, itakuwa bei ya majivu.

Tulimwomba pia kituo kimoja njiani, na hapa ndipo gari la binafsi lilipojilipa kwangu. Nje ya mji wa Piazza Armerina, kusini ya Enna, kuna nyumba ya kifahari ya Kirumi ya karne ya nne, Villa Romana del Casale, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Basi la moja kwa moja halikupeleki huko. Sakafu zake nyingi ni picha za vijiwe vidogo vya rangi. Kuna ukumbi mrefu, kama mita 60, unaoonyesha wanyama wakikamatwa Afrika na kupakiwa majahazini kupelekwa Roma: tembo, mbuni, swala. Khalati alisimama juu ya yule mbuni anayepandishwa chomboni, akasema, "Hata wao hawakuulizwa." Halafu akaendelea kutembea. Mimi nimesikiliza mihadhara mirefu zaidi iliyosema machache kuliko hapo.

Tahadhari: njia za kutazamia zimeinuliwa juu ya sakafu, kuna kupanda na kushuka, nendeni taratibu. Na kituo kama hiki kinaongeza saa tatu kwenye safari, ukihesabu kuacha barabara kuu na kurudi. Kusubiri kwa dereva ni kazi, kuna malipo yake, mkubaliane kabla. Kwetu zile euro 310 zilikuwa pamoja na kusubiri saa mbili. Basi za mbele zilikuwa 250 kama hatusimami popote; tuliona jumla inakaa sawa.

Sasa dereva. Alikuwa mtu wa Palermo, wa makamo, Kiingereza chake kidogo, Kiitaliano chetu kidogo zaidi. Mama alikaa mbele. Nusu saa ya kwanza tulifuata bahari, kisha barabara ikageuka kusini ikaanza kupanda, mashamba ya ngano yameshavunwa, rangi ya mkate pande zote. Binti wa kaka akaanza kichefuchefu. Dereva akamtazama kwenye kioo, akapunguza mwendo, akasema kwa huruma, "Mischina."

Mama akageuka nyuma. "Huyu kasema maskini?"

Ndiyo, alisema maskini. Palermo ilitekwa na Waislamu kutoka Afrika Kaskazini mwaka 831, na Wanormani hawakuichukua mpaka 1072. Watawala waliondoka, maneno yakabaki jikoni na barabarani. Mischinu kwa mwanamume, mischina kwa mwanamke, ni neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi maskini, na linatumika kwa namna ileile: haliulizi mfuko wako una nini, linakuonea huruma. Tangu hapo safari ikawa mnada. Mama anataja neno, dereva anatafuta lake. Zabibu? Zibibbo, ni aina ya zabibu huko. Tanuri? Tannura, jiko la nyumbani kwa bibi yake. Jabali? Akaonyesha kwa kidole mbele, Etna ilipoanza kutokea: Mongibello, jina lake la zamani, mlima uliotajwa mara mbili, kwa Kilatini na kwa Kiarabu. Khalati, ambaye Kiarabu ni lugha yake ya kila siku Muscat, akawa hakimu. Mimi na kaka, wakalimani wa kudumu, tulikaa kiti cha nyuma bila kazi. Kwa saa nzima hakuna aliyetuambia "mwambie."

Pale Piazza Armerina mama alikataa kula mpaka dereva ale. Alidai ameshakula, mama akamwekea sahani mbele bila kumjibu. Bakshishi Italia si lazima, na sikumwona akiisubiri, ila tulipofika Catania tulimwongezea 20, na khalati akafungua sanduku la saba palepale kona ya barabara akamtolea kopo la halua. Akauliza ni nini. Mama akamwambia kwa Kiswahili, polepole na kwa sauti ya juu, kama vile tatizo lilikuwa masikio.

Jioni ile, kabla sijafungua begi, simu yangu ikalia. Lilikuwa kundi la familia, lile la watu sitini na kitu kutoka Unguja hadi Toronto. Mama ametuma picha ya gari, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Tumelipa mia tatu na kumi ya yuro. Dereva kapewa mwenyewe mkononi, hakuna wakala. Na kala."

Binamu yangu wa Copenhagen, anayekwenda huko Aprili na mapacha, akaomba namba ya huyo dereva. Nikampa. Nikamwambia viti viwili vya watoto, aviandike kwenye ujumbe wa kwanza.